Mwezi Ulioandama kwa Jina Langu

Edmonton, London
4 Januari 1998

Mwanangu Sundus,

Naanza mimi kukuamkia, ingawa haki ilikuwa yako kuniamkia, maana naona huko uliko adabu imeganda pamoja na maji. Mwezi mzima hujaandika. Simu ya kituoni kwenu nimeipiga mara mbili, kaipokea Mnorwei mmoja, na kwa Kiingereza chake na changu tukashindwa hata kujuana majina.

Sisi hatujambo. Ramadhani imeingia kwa kheri, na ajabu ya mwaka huu tumeanza siku moja, sisi tunaongoja mwezi uonekane kwa macho na wenzetu wanaofuata Makka. Mwaka jana unajua ilivyokuwa. Jaffar amekula Sikukuu, mama yake, Bi Mwanamwema, bado amefunga. Nyumba moja, mmoja anakula tambi na mwengine anamtazama. Tumeikimbia Unguja pamoja, tumelala vyumba vya kupanga pamoja, tumezikana pamoja, lakini mwezi umetushinda. Vijana wananifuata mimi kwa kuwa ndiye katibu wa jumuiya: "Mzee Himid, Sikukuu lini? Bosi anataka siku ya likizo." Nawaambia mpaka mwezi uandame. Hebu kamwambie bosi wa Kizungu mpaka mwezi uandame!

Jengine. Watu wananiuliza unafanya nini huko. Msichana wa miaka ishirini na minane, hana mume, yuko ncha ya dunia na wanaume, ati anaipasha mbingu moto. Nimewajibu ni mambo ya chuo. Nieleze vizuri nipate la kusema, maana katika kumi wanaouliza, tisa wanataka kucheka.

Baba yako,
Himid


Karibu na Tromsø, Norway
12 Januari 1998

Baba, shikamoo.

Unisamehe kwa ukimya. Kazi ilikuwa nyingi na mtambo mmoja ulituharibikia. Nafunga, nakula daku, usiwe na wasiwasi.

Sasa nikueleze kama ulivyokuwa ukinieleza siasa za kwetu, taratibu na kwa kurudia. Juu yetu, kilomita mia mbili na zaidi, kuna tabaka la hewa iliyojaa chembe za umeme. Ndilo linalorudisha chini mawimbi ya redio. Ndilo lililokuletea habari za Unguja miaka yote ulipokuwa umeinamia redio jikoni na kutunyamazisha sote. Huku karibu na ncha ya dunia tabaka hilo halitulii. Jua linalivuruga, na ukitaka kuzisoma vurugu zake hujui ipi imeanzia wapi wala lini. Kwa hiyo tunatia zetu. Tuna uwanja mzima wa antena, tunarusha mawimbi ya redio yenye nguvu juu moja kwa moja, na pale yanapofika tabaka linapata joto na kufanya mikunjo midogo. Radar iliyoko Finland, nchi ya jirani, inapiga hapohapo na kupokea mwangwi. Tukiwasha, mwangwi unatokea. Tukizima, unafifia na kwisha.

Kazi yangu mimi ni kuhakikisha kwamba kila mwangwi tunaouandika ni wa vurugu tuliyoitia sisi, si ya mbingu yenyewe. Ukivichanganya viwili hivyo huna elimu, una porojo. Tunafanya mchana, kwa sababu usiku wa baridi tabaka hukonda na mawimbi yetu hulipenya yakapotelea huko.

Hao tisa wanaotaka kucheka waache wacheke. Yule mmoja msalimie.

Mwanao,
Sundus


Edmonton
31 Januari 1998

Mwanangu mpenzi,

Sikukuu njema! Mkono wa Idi nitakupa ukija.

Ningekuwa na ulimi wa kukusimulia Alhamisi ilivyokuwa! Tumeswali wote, Sundus. Wote, ukumbi mmoja, sisi na wa Makka, bega kwa bega. Watu ambao miaka sita hawajapeana mkono wamekumbatiana mlangoni mpaka wakaziba njia. Maalim Hafidh wa hesabu za mwezi peke yake ndiye aliyekuja na uso wa ndimu, lakini yeye huyo hata harusini hununa. Bi Mwanamwema alikaa mbele na kanga mpya, Jaffar ubavuni mwake, akala biriani na mwanawe siku ya Sikukuu, mara ya kwanza tangu 1991. Mama yako, Mungu amrehemu, angelia.

Kila mtu anakusalimu. Wanakuita Daktari. Nimewaambia bado hujamaliza, wakasema kwetu sisi umeshamaliza. Ukipata kadi za pongezi zipokee tu, usiulizeulize. Watu wana furaha, na furaha ya watu haichokonolewi.

Baba yako,
Himid


Edmonton
10 Februari 1998

Kwa mwanangu Sundus binti Himid,

Mimi ni mwalimu wako Mwanamwema. Naandika kwa shida, macho hayaoni mistari, lakini hili sikutaka kumwambia mtu aniandikie.

Kwanza ahsante. Nilikufundisha alifu kwa kijiti sebuleni kwangu, ukilia na kamasi, sikujua kwamba ni wewe utakayetuonea mwezi. Usiku ule London ilikuwa mawingu matupu. Tulikaa ukumbini hatuna habari kutoka popote. Akasimama baba yako akasema, "Sundus amepiga simu sasa hivi kutoka Norway. Ameuona mwezi, na mtambo wake umeuona." Ukumbi mzima ulipiga takbiri. Mimi nililia.

Sasa nina jambo moja linanikera. Maalim Hafidh ananiambia kwa hesabu zake mwezi siku ile haukuwa wa kuonekana na mtu, na kwamba mtambo si jicho. Jaffar anasema, mama, wacha, hata Makka wamekula Alhamisi. Lakini mimi sifuati redio ya Makka, wala simlaumu anayefuata. Mimi nafuata jicho la mtu ninayemwamini. Nimekula kwa sababu yako.

Basi niambie mwenyewe. Uliuona kwa jicho lako? Kama ndiyo, nimetua. Kama siyo, nina siku moja ya kulipa, na nataka niilipe upesi. Figo zangu si nzuri, daktari amenikataza kufunga, lakini siku moja naiweza.

Baba yako alinipitia siku ile ya Sikukuu baada ya swala. Nilimwekea tambi na halua, hakugusa hata maji. Nadhani alikuwa na tumbo. Muulize.

Mwalimu wako,
Mwanamwema


Karibu na Tromsø
18 Februari 1998

Baba, shikamoo.

Bi Mwanamwema ameniandikia. Kwa hiyo sasa najua kadi zile kumi na moja zilikuwa za nini.

Sikupiga simu. Sikuona mwezi. Jioni ile mtambo ulikuwa umeshazimwa tangu alasiri, mimi nimelala na mafua. Hata ningetoka nje, mwezi wa siku ile huku ulikuwa chini ya milima pamoja na jua, asingeuona mwenye macho ya mwewe. Na radar haitazami mwezi, baba. Nilikueleza inatazama nini. Au barua yangu uliisoma ukatafuta neno moja tu la kuwatia watu kiwewe?

Kama ulitaka wale Alhamisi, Makka walikuwepo. Ungesimama ukasema, jamani, mwaka huu tuwafuate wenzetu. Hukusema Makka. Ulisema mimi.

Na la tumbo nimelielewa. Hukuwa na tumbo. Ulifunga. Ukumbi mzima umewalisha siku yao, yako ukaiweka. Sijui niliite nini jambo hilo. Nimejaribu toka asubuhi kulitafutia jina la heshima, kwa kuwa wewe ni baba yangu, na sijalipata.

Sundus


Edmonton
1 Machi 1998

Sundus,

Marahaba.

Unaniandikia kama karani wa uhamiaji wa Croydon. Sawa. Nitajibu kama nilivyowajibu wao, kwa utaratibu.

Tulikaa pale tangu magharibi. Nimepiga simu Morocco, hakuna. Nimepiga Afrika ya Kusini, hakuna. Ukumbi tuliulipia wa Alhamisi, na kaunsili wenye ukumbi hawana nafasi Ijumaa. Hilo lingesameheka. Lakini nikamwona Jaffar anavaa koti, anamwambia mama yake, "Basi kesho mimi nakwenda kwa wenzangu, mama, tutaonana keshokutwa." Na Bi Mwanamwema akajibu, "Nenda mwanangu, nimeshazoea." Nimeshazoea! Mimi nimemjua mwanamke yule tangu tunavuka na nguo za mwilini tu. Nikasimama. Wallahi sikujua nitasema nini mpaka nilipojisikia nimeshalitaja jina lako.

Ungeona nyuso zao, Sundus. Wale wale waliokuwa wakinicheka, binti wa Himid, binti wa Himid kapotelea barafuni. Wote wananitazama kama nimetoka na habari ya peponi. Siwezi kukwambia uongo kwamba sikufurahi.

Kweli nilifunga. Ningelaje, na mimi ndiye niliyejua? Wao walikula kwa nia safi, hawana dhambi. Dhambi nimeibeba mimi peke yangu. Hilo nalo unaliona dogo?

Na usinifundishe. Wewe mwenyewe uliniandikia: mbingu hamuielewi, mnaivuruga kwa makusudi, mnasoma mlichokivuruga, mnapewa shahada. Mimi nimefanya nini zaidi? Nimetia kitu kidogo watu wakakaa pamoja siku moja.

Sasa nakuomba, na baba haombi mara mbili. Maalim Hafidh ameitisha kikao baada ya Pasaka ya Wazungu. Niandikie mistari miwili kwenye karatasi yenye jina la chuo: kwamba tarehe ishirini na nane ulishuhudia. Usitaje mwezi ukipenda. Andika "nilishuhudia". Mengine niachie mimi.

Baba yako,
Himid


Karibu na Tromsø
15 Machi 1998

Baba, shikamoo.

Siandiki.

Tofauti yetu ni hii, na ndiyo kazi yangu yote: sisi tukiivuruga mbingu tunasema tumeivuruga sisi. Tunasema saa, tunasema mahali, na mtu yeyote mwenye radar anaweza kupiga akatuhakiki. Mwenzangu mmoja hapa mwaka juzi aliona mwangwi mzuri kabisa, wa kutia machozi. Akagundua mtambo ulikuwa umezimwa, ile ilikuwa mbingu yenyewe. Aliufuta mbele yetu. Miezi mitano ya kazi, na hakuna aliyemlazimisha. Baba, ukinitaka niandike "nilishuhudia", unanitaka niwe mtu ambaye hata hapa wangemfukuza, na hapa hawana hata dini.

Bi Mwanamwema sijamjibu. Nimeshika kalamu mara nyingi. Lakini nikimwandikia mimi nitakuwa nimemvua baba yangu nguo mbele ya mtu, na hivyo hukunilea. Kwa hiyo nakuachia. Nenda wewe kwake, kaa, kunywa kahawa yake, mwambie. Hatakupigia kelele, unamjua. Atalipa siku yake na atakufa na siri yako. Wengine tutawatafutia njia baadaye. Yeye kwanza. Ameuliza kwa sababu anataka kulipa, na mgonjwa yule.

Nenda wiki hii.

Sundus


Edmonton
22 Aprili 1998

Kwa mwanangu Sundus,

Hukunijibu, nikadhani umekasirika na mwalimu wako kwa kukutilia shaka. Kumbe umemjibu baba yako. Alikuja Jumapili na barua yako mkononi. Mimi kwa macho haya ya sasa siwezi tena, nikamwambia nisomee. Akanisomea kituo kwa kituo: "Mwambie mwalimu wangu niliuona kwa jicho langu, mwembamba kama ukucha, juu ya mlima, kabla haujazama." Nimemwambia arudie. Akarudia.

Sauti ilimkatika mara ya pili. Anakupenda sana baba yako, hilo ulijue. Hujambo kwa maneno mazuri. Ulikuwa mtoto wa maneno machache.

Basi nimetua. Nimemwambia na Maalim Hafidh aache kikao chake. Jaffar ananiandikia haya, mimi nasema tu. Mungu akupe mume mwema na kazi yako iwe na baraka.

Mwanamwema


Edmonton
5 Juni 1998

Mwanangu Sundus,

Inna lillahi. Bi Mwanamwema ametutoka Jumanne, hospitali, figo. Tumemzika Jumatano baada ya adhuhuri. Watu walijaa, wa Makka na sisi, na haya nayaandika ujue kwamba safu zilikuwa moja. Tangu Sikukuu ile hazijaachana.

Jaffar aliponikamata kaburini aliniuliza, mama ana deni la mtu? Nikamwambia hana. Akaniuliza, ana siku za kufungiwa? Unajua, warithi lazima waulize, wamfungie au watoe kibaba cha chakula. Nikamwambia hana hata moja.

Amekufa ametua, Sundus. Hilo nimempa mimi. Wewe na ukweli wako ungempa nini? Siku moja ya njaa kwa mwanamke mwenye figo zilizokufa. Sasa yamekwisha. Marehemu hadaiwi kwa kosa la aliye hai. Nakuomba uliache hapo lilipo. Mimi nina miaka sitini na tisa, na sina kwengine kwa kwenda kuanza upya. Nimeshaanza upya mara moja.

Ukija London nitakupokea Heathrow mwenyewe.

Baba yako,
Himid


Karibu na Tromsø
18 Juni 1998

Baba,

Barua yake ya Aprili niliisoma nikaiweka. Nilijua siku ileile ulichofanya. Nilikuona umekaa kwenye kochi lake la kijani, umeshika karatasi niliyoandika kwa mkono wangu "siandiki", unamsomea kipofu. Ukanitungia na ukucha, na mlima. Nilitaka kumpigia simu. Nikasema, nimngoje baba aone haya. Nikangoja Aprili yote na Mei yote, kwa adabu. Adabu uliyonifundisha wewe imemzika na deni lake, na katika hilo tumeshirikiana.

Jumatatu nimempigia Jaffar. Sikumpigia kukukomoa. Mimi si mrithi wa Bi Mwanamwema, siwezi kumfungia bila idhini ya mwanawe, na sikuweza kuomba idhini bila ya kusema ni siku gani na kwa nini. Nikamwambia yote. Nilitaraji atukane. Akaniambia, "Sundus, jibu la mama kwa barua ile nililiandika mimi. Na siku iliposomwa nilikaa pale. Mzee Himid alinitazama usoni." Halafu akasema, "Mfungie, nimekuruhusu." Halafu akasema, "Na sisi wengine?"

Amesema atasimama Ijumaa baada ya swala, awaambie watu walipe. Barua hii ikikufikia Ijumaa itakuwa imeshapita, kwa hiyo sikuonyi wala sikuombi kitu. Najua hizo safu unazojivunia zitavunjika. Huenda zikavunjika vibaya kuliko zamani, na watasema ni mimi niliyezivunja. Waseme. Bila ya uongo ule, mwaka huu kila mmoja angekula siku yake na wangeendelea kununiana na kuzikana, kama ilivyokuwa. Sasa hata wakikutana watakuwa wanaulizana nani alijua.

Na wewe nakupenda. Naliandika kwa hasira, lakini naliandika, kwa sababu nimejichunguza na bado lipo.

Leo nimefunga siku yake. Asubuhi tulikuwa na kazi, tumewasha na kuzima mpaka adhuhuri, mwangwi umekuja safi, kila mmoja wa kwetu. Nimerudi chumbani nikatawadha, nikaweka tende tatu na maji mezani. Huku mwezi huu jua halizami kabisa. Linateremka mpaka juu ya mlima, linazunguka, linapanda tena. London sasa mmeshaswali Isha. Vitabu nimevisoma: wapo wasemao ufuate mji ulio karibu, wapo wasemao ufuate Makka, na wote ni wanazuoni. Tende ziko hapa na mimi nimezikalia. Nimechoka kufuata kauli za watu, nilitaka hii moja niifunge mpaka nione kwa jicho langu, kama alivyotaka yeye, na jicho langu linaona jua.

Wewe ndiye mtangazaji, baba. Ukumbi mzima ulikuamini. Nitangazie na mimi: nifuturu lini?

Sundus